Programu ya kusoma vitabu likizo ya Juni: wanafunzi 160, vitabu 74. Wenye uzoefu karibuni

Mwl_Zamu (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Shule ni ya kata, ya kutwa, Tanzania Bara. Tunataka likizo ya Juni wanafunzi wa Kidato cha 2 (wako 90) na cha 3 (wako 70) waondoke na vitabu vya kusoma nyumbani, badala ya yale maswali ya likizo ambayo mmoja anafanya na wengine wananakili. Mkuu wa shule amekubali. Ametupa shilingi 180,000 na ruhusa ya kufungua maktaba siku moja kwa wiki. Walimu tuliojitolea ni wawili, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza.

Kabatini kuna vitabu vya ziada 74: riwaya za Kiswahili 31, tamthilia za Kiswahili 12, hadithi nyepesi za Kiingereza 22, na vingine 9 vya wasifu wa watu na sayansi. Vingi ni nakala moja moja. Likizo ni wiki nne, na zimebaki wiki tano kabla ya kufunga.

Maswali:

1. Vitabu 74 vinawatoshaje watu 160?
2. Kiswahili au Kiingereza? Ofisini tumegawanyika.
3. Tutajuaje kwamba mtu amesoma kweli? Muhtasari unanakiliwa.
4. Kitabu kikipotea, nani anabeba mzigo? Hofu hiyo ndiyo inayofanya kabati lifungwe mwaka mzima.

Natanguliza shukrani.

Kabati_Wazi

Mwalimu, anza na hesabu, orodha ya vitabu itafuata.

Kwa 160 haviwezi kutosha. Ukiwapa watu wawili au watatu kitabu kimoja, kila mmoja atakaa anamsubiri mwenzake mpaka shule ifunguliwe. Chukua wanafunzi 60. Wagawe katika makundi 12 ya watu watano, na kigezo kiwe mtaa au kitongoji wanachoishi. Usifuate darasa wala urafiki. Hapa ndipo programu inaposimama au kuanguka, kwa sababu wanaobadilishana vitabu ni watu wanaokutana kila siku bombani, dukani, msikitini, kanisani. Marafiki watano wanaokaa kilomita sita kila mmoja na upande wake hawatabadilishana hata kimoja.

Kila kundi lipewe mfuko wa vitabu vitano, na kila mmoja aondoke na kimoja. Kitabu kinahama kila baada ya wiki moja kwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha iliyobandikwa ndani ya jalada. Wiki nne ni zamu nne, hivyo kila mtu anapitiwa na vitabu vinne kati ya vitano. Usitarajie wote wavimalize vinne. Vitatu ni kazi nzuri, na viwili ndiyo kiwango cha chini.

Kuna kishawishi cha kufanya zamu za siku tano ili vyote vitano vizunguke. Usifanye kabla hujapima kasi yao. Mpe mwanafunzi riwaya ya Kiswahili asiyoijua, asome kimyakimya dakika 10, kisha aweke alama alipofika. Akisoma kurasa 4 ndani ya dakika hizo, nusu saa kwa siku ni kurasa 12. Siku tano ni kurasa 60, wiki ni kurasa 84. Riwaya nyingi za vijana zina kurasa zaidi ya 60, kwa hiyo kwenye zamu ya siku tano mtoto atanyang'anywa kitabu kisa kikiwa katikati. Ikimtokea mara mbili anaacha kabisa. Kwa zamu ya wiki, weka kwenye mifuko vitabu vya chini ya kurasa 100, vile vinene vibaki shuleni.

Mgawanyo wa mfuko: Kiswahili vitatu (riwaya mbili na tamthilia moja), Kiingereza kimoja, na cha tano kitoke kwenye Kiingereza au vile 9 vya wasifu na sayansi. Kwa mifuko 12 unatumia vitabu 60, unabaki na 14. Vitabu hivyo 14 ni akiba ya siku ya kufungua maktaba. Anayemaliza mapema anaazima humo, na anayeshindwa na kitabu chake anabadilisha humo. Watangazie mapema kwamba mtu akisoma kurasa 20 na kitabu hakijamshika, ana ruhusa ya kukirudisha bila kuulizwa sana. Bila ruhusa hiyo atakaa nacho wiki nzima hakisomi, na mwenzake naye amekosa.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Usisubiri siku ya kufunga ndipo utoe vitabu. Siku ile kuna ripoti, kuna usafi, kuna wazazi. Watoto watagombea vyembamba na kukimbia. Tumia siku kumi za shule kabla yake. Kila siku, dakika 10 baada ya mstarini au mwanzoni mwa kipindi, msome kwa sauti kurasa za mwanzo za vitabu viwili, mkate pale kisa kinapopamba moto. Siku kumi ni vitabu 20. Kisha kila mwanafunzi aandike vitatu anavyovitaka, na mifuko ijazwe kwa kufuata karatasi hizo. Kitabu ambacho mtoto ameshasikia mwanzo wake atakifungua nyumbani jioni ile ile.

Msamiati98

Najibu swali la 2. Naona mnabishana juu ya lugha, lakini kinachoamua ni ugumu wa kitabu.

Mtoto aliyesomeshwa msingi kwa Kiswahili, akifika Juni ya Kidato cha 2 ana mwaka mmoja na nusu tu wa kufundishwa masomo kwa Kiingereza. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 uliuliza msomaji anahitaji kuyajua maneno mangapi ili aielewe hadithi peke yake bila msaada. Jibu lilikuwa karibu 98 katika kila 100. Kwenye ukurasa wa maneno 200, maana yake maneno mageni ni manne tu. Yakifika kumi kwenye ukurasa huo, wengi hawakifuati kisa tena. Wanabaki kusoma maneno tu.

Kwa hiyo pimeni kwa vidole. Mwanafunzi afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, na kila neno asilolijua akunje kidole. Mkono mzima ukijikunja kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kimemzidi, akiweke chini achukue chepesi. Kipimo hiki ni cha dakika moja, na mtoto anaweza kukifanya mwenyewe bila kuaibika mbele ya wenzake.

Angalieni hizo hadithi 22 kama ni za mifululizo iliyorahisishwa kwa ngazi. Mara nyingi ngazi imeandikwa kwenye jalada. Kwa Oxford Bookworms, kwa mfano, ngazi ya 1 imejengwa juu ya maneno ya msingi 400, ya 2 ni 700, ya 3 ni 1,000, ya 4 ni 1,400. Kidato cha 2 wengi waanzie ngazi ya 1 au 2 hata kama wanaona ni ya chini. Mkiona kitabu cha Kiingereza hakina ngazi na ni riwaya kamili iliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima wa Uingereza, kitoeni kwenye mifuko. Kwa wanafunzi wengi wa Kidato cha 2 kitakuwa adhabu, na watakachojifunza likizo nzima ni kwamba kusoma kunaumiza.

Zamu ya kwanza wengi waanze na Kiswahili. Wiki ya kwanza ndiyo inayojenga au kubomoa mazoea, na Kiswahili ndicho wanachoweza kukisoma kwa kasi ya kufurahia. Kile cha Kiingereza kwenye mfuko, zamu ya kwanza kipewe mwenye Kiingereza kizuri kundini. Kikihama kwa wengine, yeye atakuwa anaweza kuwaeleza mahali palipowakwamisha.

Kamusi: maneno matatu tu kwa kila kikao cha kusoma, yale yaliyojirudia au yaliyoziba maana. Mengine aruke asonge mbele. Anayefungua kamusi kwa kila neno husoma nusu ukurasa kwa nusu saa, na akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake.

Vitabu teule vya fasihi vya Kidato cha 3 na 4 msiviweke. Mtaani kuna vijitabu vya uchambuzi, na mtoto akiona kitabu cha mtihani anakimbilia dhamira na wahusika kabla hata ya kujua kisa. Hivyo vina vipindi vyake darasani.

Daftari_Nusu

Mimi nachukua swali la 3.

Muhtasari usiombwe kabisa. Ukiuomba, mmoja wa kundi ataandika na wanne watabadilisha maneno mawili matatu, nanyi mtasahihisha madaftari 60 yanayosema kitu kile kile. Badala yake fanyeni mambo mawili madogo.

La kwanza ni daftari la nusu ukurasa. Kwa kila kitabu mwanafunzi anaandika jina la kitabu, ukurasa alioanzia na alioishia, sentensi moja aliyoipenda au iliyomuudhi pamoja na namba ya ukurasa wake, na mistari miwili ya kwa nini. Masharti: watu wa kundi moja wasichague sentensi moja, na sentensi isitoke kwenye kurasa tano za mwanzo. Sharti hili la pili linamlazimu hata mvivu aingie ndani ya kitabu.

La pili ni mazungumzo ya dakika tatu siku ya maktaba. Mwanafunzi anakuja na kitabu. Mwalimu anakifungua popote kwenye theluthi ya mwisho, anasoma mistari miwili, anauliza: Huyu anayesema ni nani? Ilikuwaje mpaka wakafika hapa? Ungekuwa wewe ungefanya nini? Aliyesoma hujibu bila kukuna kichwa, tena mara nyingi anataka kuendelea kusimulia. Aliyedanganya anaonekana kwenye swali la pili, maana kijitabu cha uchambuzi kinaeleza kisa kwa jumla, hakielezi kilichotangulia ukurasa wa 71.

Hesabu ya muda: watu 60 kwa dakika tatu ni dakika 180, kwa walimu wawili ni saa moja na nusu. Inawezekana, lakini ni sharti walimu wenyewe muwe mmevisoma vitabu vilivyomo mifukoni. Anzeni wiki hii, gawaneni. Mwalimu asiyekijua kitabu huuliza "kinahusu nini?", na swali hilo linarudisha ule ule muhtasari.

Mtoto akionekana hajasoma, asikemewe na asifutwe jina. Mwulize amekwama ukurasa gani. Mara nyingi kitabu ni kigumu au nyumbani hakuna muda, na yote mawili yana dawa.

Zawadi: msimzawadie aliyesoma vitabu vingi zaidi. Zawadi ya idadi huwafanya wachague vyembamba, waruke kurasa, na anayesoma polepole ajione ameshashindwa kabla ya kuanza. Waliofikisha viwili na kuvizungumza vizuri wapate haki ya kuchagua kwanza muhula unaofuata. Alama za mtihani zisiingie humu kabisa.

Tofauti_Kidogo

Nakubaliana na mengi, ila kuna mahali mmepita haraka. Kabati_Wazi amesema wanafunzi 60 bila kusema wanapatikanaje. Mkitangaza "anayetaka ajiandikishe", watakaojiandikisha ni wale wale wanaosoma tayari, na wengi watakuwa wasichana wa dawati la mbele. Programu itaonekana imefaulu, kumbe haijamgusa aliyeihitaji.

Fungueni nafasi 30 kwa wanaojiandikisha. Nafasi nyingine 30 mwalimu awafuate wanafunzi mmoja mmoja, kwa faragha, awaambie: nina kitabu nadhani kitakufaa, chukua ujaribu. Kisha kila kundi la mtaa liwe na wasomaji wawili au watatu, wengine waliobaki wawe wapya. Kundi la wapya watupu halina wa kulisukuma, na kundi la wasomaji watupu litamaliza kila kitu kwa wiki mbili.

Na wale 100 waliobaki? Siku ya maktaba, baada ya mazungumzo, mwalimu mmoja awasomee kwa sauti nusu saa, riwaya moja kwa vipande vinne vya wiki nne, na mlango uwe wazi kwa yeyote. Hiyo haihitaji nakala zaidi ya moja. Likizo ya Desemba zamu yao ya mifuko inafika, nanyi mtakuwa mmejua makosa yenu yako wapi.

Pia nimeona sehemu nyingi programu za Marekani zinachukuliwa kama zilivyo: orodha ndefu, fomu ya kujaza dakika alizosoma, saini ya mzazi kila siku. Kule likizo ya kiangazi ni karibu wiki kumi. Harris Cooper na wenzake, watafiti wa kule, mwaka 1996 walipitia tafiti 39, wakajumlisha 13 za karibuni zaidi, wakaona kwamba kwa wastani watoto wanarudi shuleni wakiwa nyuma kama mwezi mmoja wa masomo. Likizo yetu ya Juni ni wiki nne, fomu ya dakika haitatusaidia. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwao ni majaribio ya James Kim wa Chuo Kikuu cha Harvard kwa wanafunzi wa shule za msingi: watoto waliopewa vitabu peke yake hawakupata faida ya maana, waliopewa vitabu pamoja na mafunzo ya namna ya kusoma kabla ya likizo ndio waliosonga. Kwa hiyo zile siku kumi za kusoma kwa sauti msizikate hata kama ratiba imebana.

Mwl_Zamu

Asanteni sana, nimejifunza kitu. Mkuu Tofauti_Kidogo, suala la nafasi 30 za kufuatwa sikulifikiria kabisa.

Naongeza mambo mawili. Wasichana wengi likizo ndiyo msimu wa kazi: maji, jiko, wadogo zao. Wavulana wako mashambani, ni mavuno, wengine wanachunga. Pili, kuna vitongoji viko kilomita 7 kutoka shuleni. Hiyo siku ya maktaba watafika kweli?

Kabati_Wazi

Sogezeni siku ya maktaba iangukie siku ya gulio, kama gulio lenu liko karibu na shule. Siku hiyo watoto wanatumwa huku kwa vyovyote vile. Siku ya gulio mzazi hahitaji kubembelezwa sana.

Pia si lazima wote watano waje kila wiki. Sharti liwe kila mmoja afike angalau mara mbili kati ya nne, na kila kundi lisikose mwakilishi. Mazungumzo yatakuwa ya watu kama 30 kwa siku, dakika 45 tu kwa walimu wawili.

Kuhusu kazi za nyumbani, usimwambie mtoto "tafuta muda". Darasani, kabla ya kufunga, kila mmoja achore siku yake ya likizo tangu anapoamka hadi anapolala, kisha atafute robo saa mbili. Anayechunga ana muda mrefu wa kukaa kivulini. Anayepika ana muda wakati maharage yako jikoni. Usiku msiutegemee kwenye nyumba zisizo na umeme. Koroboi inaumiza macho, na kitabu karibu na moto wake ni hatari. Robo saa ya pili iwe kabla ya jua kuzama.

Siku ya kufunga, wazazi wanapokuja kuchukua ripoti, waombeni mambo mawili mahususi: nusu saa ya mchana, na msumari wa kutundikia mfuko. Ukimwambia mzazi "msimamie mwanao asome" ataitikia tu. Ukimwomba msumari, anajua la kufanya.

Mkutubi_TG

Nimechelewa kuingia. Swali la 4 naona halijajibiwa, na ndilo linalofunga makabati mengi.

Kwanza hesabuni kurasa za kila kitabu kabla ya kukiazimisha, moja moja. Tamthilia za zamani mara nyingi zimepoteza kurasa za mwisho. Mtoto anayefika ukurasa wa 58 na kukuta mwisho haupo hatagusa kitabu cha pili. Kilichopungua kisiende nyumbani.

Daftari la vitabu liwe na safu sita: namba ya kitabu, jina, mwandishi, idadi ya kurasa, hali (nzima, imeachia, imechanika), na jina la aliyenacho. Muhuri wa shule upigwe mahali patatu: ukurasa wa jina, ukurasa wa mwisho, na ukurasa mmoja wa ndani ambao ni ule ule kwa vitabu vyote, mfano wa 17. Jalada likichanwa na ukurasa wa mwisho ukitoka, kitabu bado kinajulikana ni cha nani.

Matengenezo: kurasa zilizoachia zibandikwe kwa gundi nyeupe ya maji, ipakwe nyembamba kwenye mgongo wa kitabu, kisha kitabu kikandamizwe chini ya matofali usiku kucha kikiwa kimefungwa kwa karatasi safi. Selotepu msiitumie mgongoni. Baada ya muda inakuwa njano, inakauka, na ikibanduka inaondoka na karatasi. Jalada lifunikwe kwa nailoni angavu, na selotepu ishike nailoni kwa nailoni, isiguse kitabu chenyewe. Juni sehemu nyingi ni kiangazi, mvua si adui mkubwa. Maadui ni mafuta ya kula, moshi, wadogo zao wenye kalamu, na mbuzi.

Fedha ya dhamana msichukue. Atakayeshindwa kulipa ndiye mnayemtafuta. Tena Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango hadi Kidato cha 4, msijiingize kwenye maneno na wazazi. Fanyeni hivi: mkuu wa shule aandike barua fupi iingie kwenye faili la maktaba, kwamba programu imeidhinishwa na kwamba shule imekubali hasara ya hadi vitabu 6 kati ya 60. Vikipotea ndani ya idadi hiyo vinafutwa kwa utaratibu wa kawaida wa mali za shule, na mwalimu wa maktaba hadaiwi. Barua hiyo ndiyo inayofungua kabati. Mwanafunzi aliyepoteza atumikie: abandike nailoni vitabu kumi, au asaidie kuhesabu muhula mzima. Asinyimwe kuazima.

Ile 180,000 ningeigawa hivi, ingawa bei hutofautiana kwa mahali: nailoni, gundi na selotepu 40,000, mifuko 12 ya kitambaa au viroba vilivyoshonwa 18,000, karatasi na manila za orodha 12,000. Zinabaki 110,000. Hizo msinunulie majina mapya. Nunueni nakala za pili za vile vilivyoongoza kwenye zile karatasi za kuchagua. Makundi ya mitaa jirani yakiwa na kitabu kile kile kwa wakati mmoja, watoto watabishana juu yake njiani, na mabishano hayo yanafanya kazi ambayo nyinyi walimu wawili hamuwezi kuifanya.

Msitoe kopi za kitabu kizima ili kuongeza nakala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu, na waandishi wetu wa Kiswahili wanauza nakala chache kuliko tunavyodhani. Badala yake mwende maktaba ya mkoa ya Bodi ya Huduma za Maktaba na barua yenye muhuri wa shule, muulize masharti ya uanachama wa shule na ya kuazima vitabu vingi kwa pamoja. Nendeni mapema, msisubiri wiki ya kufunga. Wenye simu nyumbani waelekezeni pia kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ila wajue humo vitabu vya kiada ndivyo vingi.

Mwl_Zamu

Mkutubi, hiyo barua naiandika kesho mkuu wa shule aisaini. Swali dogo la mwisho: vitabu virudishwe siku ya kufungua shule?

Mkutubi_TG

Siku ya tatu. Siku ya kwanza nusu yao hawapo, siku ya pili ni usafi na ratiba. Kila kundi lirudishe mfuko likiwa kamili, watano kwa pamoja, muhesabu kurasa mbele yao na kusaini daftari papo hapo. Kundi lisilokamilika lipewe wiki moja, na anayefuatilia awe mwenzao wa mtaa huo, msimtume mwalimu.

Na siku hiyo vile vitabu vinene mlivyovizuia viwekwe mezani vikiwa wazi, pamoja na akiba yote. Anayerudisha achukue kingine kabla hajatoka mlangoni. Mkisema "njooni wiki ijayo", mtakuwa mmefunga kabati tena.